Deni Ambalo Hakuna Aliyelikopa

Je, mtu anaweza kudaiwa kitu ambacho hakukikopa? Mwenye haraka atajibu kwa neno moja kwamba hawezi. Deni, atasema, ni mapatano baina ya watu wawili: mmoja anatoa, mwingine anapokea, na wote wawili wanajua. Pasipo mapatano panaweza kuwapo huruma, au sadaka, lakini deni hapana. Hata hivyo huku kwetu Usukumani, kama ilivyo kwa makabila mengi ya nchi hii, matanga yakiisha na ndugu wakakaa kugawa urithi, ng'ombe hawaguswi mpaka mzee mmoja ameuliza: "Marehemu alikuwa anadaiwa na nani?" Mwenye dai hujitokeza, na dai likithibitika hulipwa kwanza. Hakuna mtoto awezaye kusimama na kusema, "Mimi sikuwapo baba alipokopa." Ataambiwa kwamba hata alipozaliwa ndama wa kwanza wa zizi hilo hakuwapo, na bado anaitaka sehemu yake.

Katika sura hii nataka kulipima swali hilo kwa urithi mwingine, ambao hautembei kwa miguu minne wala haugawanywi na wazee. Urithi huo umo katika damu ya watu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, yaani Mkoa wetu wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za Shinyanga na Mwanza. Na kwa kweli umo katika damu ya watu wengi waliokaa vizazi na vizazi kulizunguka Ziwa Victoria. Namwomba uvumilivu msomaji asiyependa sayansi. Nimewafundisha walimu wa biolojia kwa miaka mingi, nami naamini kwamba jambo likielezwa polepole kila mtu mzima hulielewa. Aidha, kutoa hukumu ya mema na mabaya bila kwanza kujua mambo yalivyo ni kupiga porojo.

Tuanze na umbo. Chembe nyekundu ya damu ni kisahani kilichobonyea katikati, pande zote mbili. Upana wake ni kama sehemu 7 hadi 8 za elfu za milimita moja. Ukizipanga chembe 125 au zaidi kidogo katika mstari, unapata milimita moja tu. Huishi takribani siku 120, na katika siku hizo hupita mara nyingi mno ndani ya mishipa midogo ambayo ni myembamba kuliko yenyewe. Hapo hujikunja na kujinyoosha, kama mtu apitaye ubavuubavu katika mlango wa zizi, na ikitokea upande wa pili hurudia umbo lake la kwanza. Katika bandama hupenyezwa katika nyufa nyembamba zaidi, na ile isiyoweza kujikunja hukamatwa humo na kuvunjwa. Basi uhai wa chembe hii haumo katika ugumu, wala haumo katika ulegevu. Umo katika kuweza kujikunja na kurudi.

Ni kitu gani kinachoirudisha? Mwaka 1968 wanasayansi wawili wa Marekani, Marchesi na Steers, walieleza protini waliyoipata katika maganda ya chembe nyekundu zilizokwisha kutolewa rangi yake yote. Maganda hayo matupu wataalamu walikuwa wakiyaita mizimu, na kwa hiyo protini hiyo ikapewa jina la spektrini, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mzuka. Spektrini ni mfano wa kamba ndefu inayonyumbuka, iliyotandazwa chini ya utando wa chembe. Lakini kamba peke yake haisimamishi kitu. Nilipokuwa nikilifundisha somo hili niliwaambia wanachuo waifikirie nyumba ya msonge kabla haijaezekwa. Mapau ni membamba, fito ni nyembamba zaidi, na mtoto anaweza kuvunja ufito mmoja kwa goti. Hata hivyo upepo wa mwezi wa kumi unaitikisa nyumba nzima nayo hairuki. Nguvu yake imo katika mafungo.

Katika chembe nyekundu, mafungo hayo yako juu ya vigingi vifupi vya protini nyingine iitwayo aktini. Aktini iligunduliwa katika misuli na Bruno Straub huko Szeged, nchini Hungaria, mwaka 1942, na baadaye ikaonekana kwamba imo karibu katika chembe zote za miili ya wanyama na watu. Ni punje ndogo zinazojipanga na kuwa uzi. Katika chembe za aina nyingine uzi huo huweza kuwa mrefu, ukijengwa upande mmoja na kubomolewa upande wa pili, na hivyo ndivyo chembe inavyotambaa na kubadili umbo. Chembe inapotaka kugawanyika, nyuzi za aktini hujifunga kiunoni mwake na kukazwa kama kibwebwe, zikikaza na kukaza mpaka chembe moja inakuwa mbili. Chembe mama zilizomo ndani ya uboho hufanya hivyo mara kadhaa. Mwishowe hutupa kiini chake nje na kuwa chembe nyekundu, ambayo haitagawanyika tena milele.

Sasa, ni nani anayeiamuru aktini iwe uzi mrefu hapa, kibwebwe pale, na kigingi kifupi kule? Haijiamrii. Ziko protini nyingine, za aina nyingi, ambazo kazi yake ni kuishika aktini: nyingine huikata, nyingine huifunika ncha, nyingine huzifunga nyuzi pamoja, nyingine huitia nanga katika utando. Katika chembe nyekundu kuna tropomiosini inayolala ubavuni mwa kigingi kama rula, kuna tropomodulini inayofunika ncha moja na adusini inayofunika ya pili, na kuna ile inayoitwa protini 4.1 inayoifunga kamba ya spektrini juu ya kigingi. Matokeo yake ni kigingi chenye punje kumi na kitu tu, na kutoka katika kila kigingi hutoka kamba kama sita kwenda kwenye vigingi vya jirani. Ni wavu kamili. Mtu akirithi kasoro katika fungo mojawapo la wavu huo, chembe zake huweza kupoteza umbo la kisahani, nazo huweza kuishia katika bandama mapema.

Huo ndio wavu wa kawaida. Tuje katika jambo lenyewe.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika kuhusu mgonjwa kutoka kisiwa cha Grenada ambaye chembe zake za damu zilikuwa zimepinda kama mundu, ule wa kukatia mpunga majarubani. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionesha kwamba kasoro imo katika himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba oksijeni. Na mnamo mwaka 1956 Vernon Ingram akaonesha kwamba tofauti ni ya kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu. Himoglobini hiyo, ikiisha kutoa oksijeni yake, hushikamana na kuwa vijiti virefu vigumu ambavyo huisukuma chembe kutoka ndani na kuipinda. Ikipata oksijeni tena vijiti huyeyuka, na chembe hurudi. Lakini hairudi kila mara. Baada ya kupindwa na kurudi mara nyingi, baadhi ya chembe hubaki mundu hata kama vijiti havimo tena, kwa sababu wavu wenyewe umeharibika. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionesha kwamba katika chembe hizo aktini yenyewe imebadilika kidogo, kiasi kwamba fungo baina yake na spektrini na protini 4.1 haliachii upesi kama inavyotakiwa. Umbo baya limefungwa kwa kamba zilezile zilizokuwa zikilinda umbo zuri. Chembe za namna hiyo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka yale maumivu ya mifupa, kuvimba vidole kwa watoto wachanga, kupooza ghafla, na upungufu wa damu usiokwisha.

Mtu apataye kinasaba hiki kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama huugua. Akikipata kwa mmoja tu, haugui. Huitwa mbebaji, na huenda akafa mzee bila kujua. Na hapa ndipo urithi unapoonesha uso wake wa pili.

Anthony Allison alizaliwa Afrika ya Kusini na kukulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi, alikuja na msafara wa kisayansi kutoka Oxford, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Akaona jambo la ajabu: karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria wabebaji walikuwa wengi, na katika nyanda za juu kati ya sehemu hizo mbili walikuwa wachache sana. Kilichofanana pwani na ziwani ni mbu na malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake kwamba mbebaji ana kinga dhidi ya malaria. Mojawapo ya majaribio yake lilifanywa kwa wanaume 30 watu wazima wa Kijaluo waliojitolea, ambao walitiwa vimelea vya malaria kwa makusudi. Kati ya 15 wasiokuwa wabebaji, vimelea vilionekana kwa 14. Kati ya 15 waliokuwa wabebaji, vilionekana kwa 2. Jina la Allison limo katika vitabu vyote vya elimu ya urithi, naye anastahili. Wanaume wale 30 hawamo. Naomba msomaji asiwasahau, maana wao ni watu wa kwanza katika mlolongo wa wadai ninaotaka kuueleza.

Tangu hapo ushahidi umeongezeka. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walionesha kwamba kwa mtoto mbebaji hatari ya kupata malaria kali hupungua kwa karibu sehemu tisa kati ya kumi. Lakini ni kwa njia gani? Njia ziko zaidi ya moja. Iliyonishangaza mimi ni ile iliyoelezwa mwaka 2011 na watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Burkina Faso. Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu hukabiliwa na tatizo: chembe hiyo itapelekwa katika bandama, nako atavunjwa pamoja na nyumba aliyoivamia. Ili asifike huko, hutengeneza ndoana za protini na kuzipeleka mpaka juu ya utando, ili chembe inase katika kuta za mishipa. Chembe zikinasa kwa wingi katika mishipa ya ubongo, ndipo mtoto anapodegedega na kupoteza fahamu. Sasa, ndoana hizo hubebwa kupitia njia gani? Mwizi huyu hakuja na miti yake mwenyewe. Huchukua aktini ya mwenye nyumba, aktini ya vigingi vile vifupi, akaiunga kuwa nyuzi ndefu zenye matawi, naye akazitumia kama madaraja. Lakini ndani ya chembe yenye himoglobini ya mundu madaraja hayo hayajengeki vizuri; hutoka mafupi, yamevurugika. Ndoana zinazofika juu ni chache. Chembe hainasi sana, na mtoto anapona.

Ndugu msomaji, nakuomba usimame hapa nami. Kigingi kile kile cha aktini, ambacho kwa mtoto mmoja kimeharibiwa na kuufunga mundu usinyooke tena, kwa mtoto mwingine ndicho kilichomnyima malaria daraja. Faida na gharama hazikuwekwa katika mizani miwili. Zimepigiliwa mahali pamoja, ila katika miili tofauti.

Tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa sampuli zaidi ya 17,000 za damu za watoto wachanga wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, zilizopimwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wabebaji walikuwa takribani 20 kati ya kila watoto 100, na wagonjwa walikuwa zaidi kidogo ya 1 kati ya 100. Hata bila maabara tungeweza kukaribia hapo. Watu wakioana bila kujuana damu, nafasi ya mbebaji kumpata mbebaji ni moja ya tano mara moja ya tano, yaani 4 katika 100. Na katika kila mimba ya wawili hao nafasi ya kuzaliwa mgonjwa ni moja ya nne. Robo ya nne ni moja. Kwa hiyo katika kijiji chenye watoto 100, watoto 20 wamevikwa ngao, na mtoto 1 anauguza bei ya ngao zote 20. Katika sehemu za Afrika zisizo na matibabu inakadiriwa kuwa nusu ya wagonjwa hao au zaidi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa Tanzania nzima inakadiriwa kuwa watoto kama 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka.

Je, hao 20 wanadaiwa na huyo 1?

Yuko atakayejibu kwa hesabu: ishirini ni wengi kuliko mmoja, biashara ni nzuri, na laiti isingekuwa nzuri kinasaba hiki kingekwisha zamani. Hesabu yake ni sahihi. Ila hesabu inaeleza kwa nini jambo limedumu. Haielezi kama ni haki. Wizi nao umedumu. Tena neno biashara linadai wafanyabiashara, na mtoto mwenye selimundu hakufika sokoni.

Yuko wa pili atakayesema kwamba hii ni bahati tu. Maumbile hayana nia. Hayakumkopesha mtu, hayakumnyang'anya mtu. Mvua ikinyesha shambani kwangu na kulikwepa la jirani, sidaiwi na jirani. Hoja hii ni nzito zaidi, nami sitaipuuza. Ni kweli kwamba maumbile hayana nia. Lakini mfano wa mvua haufanani na jambo letu. Mvua iliyonyesha kwangu haikuwa imenyesha kwangu *kwa kulikwepa* shamba la jirani. Ingeweza kunyesha kote. Kinasaba cha mundu sivyo kilivyo. Hakiwezi kuwa kingi kiasi cha kuwakinga wengi bila baadhi ya watoto kukipata mara mbili. Kukingwa kwa wale na kuugua kwa huyu ni jambo moja linaloonekana kutoka pande mbili.

Yuko wa tatu anayesema ni mapenzi ya Mungu, akanyamaza. Mimi ni mtu wa dini, na kwa sababu hiyo naogopa kumtwisha Mungu mzigo ambao ametupa sisi mikono ya kuubeba.

Jibu langu ni hili. Wafuatiliaji wa wizi wa ng'ombe katika nchi hii ya Wasukuma hufuata nyayo. Mwano ukipigwa, watu hutoka na silaha, nyayo zinafuatwa kijiji hata kijiji. Zikiingia katika eneo la mji wako, hujawa mwizi kwa sababu hiyo. Huenda ulikuwa umelala. Lakini tangu dakika hiyo una wajibu: toka nje, waoneshe nyayo zilikotokea, au ungana na msafara. Ukibaki ndani na kufunga lango, hapo ndipo unapoanza kuwa na hatia, ingawa mkono wako haukuiba kitu. Wajibu haukutokana na kosa. Umetokana na mahali nyayo zilipofika na masikio yako kusikia. Ndivyo ninavyoiona damu hii. Mbebaji hakuiba ngao yake. Hata hivyo nyayo zimefika mlangoni kwake, na tangu mwaka 1954 hakuna awezaye kusema kwamba mwano haujapigwa.

Wala hawadaiwi wabebaji peke yao. Asiye mbebaji, aliyezaliwa katika nchi hii ya mbu, alizaliwa na bibi au babu wa mbali aliyenusurika. Na jamii iliyomlea, ikalima pamba na mtama, ikachunga, ikaoa na kuoza, ilisimama kwa sababu watoto wa kutosha walivuka utoto. Sisi sote ni warithi wa zizi moja. Kwa hiyo ninaposema deni sisemi la mtu na mtu, bali la ukoo mzima kwa wachache wake.

Mwenye kuliona hivyo atayatazama upya mambo manne.

La kwanza ni lawama. Mama aliyezika watoto wawili, watatu, wenye macho ya manjano na tumbo la bandama, alitafutiwa sababu. Ama yeye mwenyewe alikuwa na mkosi, akarudishwa kwao, ama alitafutiwa mchawi, na mchawi akapatikana kuwa ajuza jirani mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Wanawake wazee waliouawa Usukumani kwa tuhuma za namna hiyo, hasa tangu miaka ya 1970, ni aibu yetu. Tulimlaumu mdai, na wakati mwingine tukamuua mtu asiyehusika kabisa, ili tusiulizane juu ya deni.

La pili ni ndoa. Vijana huniuliza: wabebaji wawili wapendanao waachane? Nasema wapime kabla ya kuoana, na wajue kwamba moja ya nne ni ya kila mimba. Si kwamba akiisha kuzaliwa mgonjwa mmoja watatu wanaofuata wamesalimika. Wakijua, uamuzi ni wao. Lakini sikubaliani na mtu anayewaambia kwamba wakimzaa mgonjwa watajijua wenyewe. Kinasaba walicho nacho kililinda ukoo mzima. Iweje gharama yake iwe ya watu wawili tu?

La tatu ni malaria yenyewe. Vipimo vya taifa vya watoto walio chini ya miaka mitano vilikuta vimelea vya malaria kwa takribani watoto 14 kati ya 100 mwaka 2015, 7 mwaka 2017, na 8 mwaka 2022. Vyandarua na dawa vimefanya kazi, na tunashukuru. Lakini ona kinachofuata: malaria ikipungua, faida ya ngao inapungua, ila mtoto 1 katika 100 anaendelea kuzaliwa, kwa vizazi vingi vijavyo. Tulipomhitaji tulikuwa na udhuru, kwamba wote tulikuwa tukifa. Leo hatuna udhuru, naye bado analipa.

La nne ni malipo, kwa kuwa deni lisilolipika ni maneno matupu. Njia za kulilipa zinajulikana. Mtoto akipimwa mapema baada ya kuzaliwa, akapewa penisilini ya kumkinga na maambukizo na chanjo zake, wengi wa wanaokufa wangeishi. Dawa ya haidroksiurea, kama ilivyooneshwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Angola, Kongo, Kenya na Uganda, hupunguza maumivu, hupunguza haja ya kuongezewa damu, na hupunguza vifo. Huko Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamewafuatilia wagonjwa kwa maelfu tangu mwaka 2004, na kwa kazi hiyo Watanzania wamejijua zaidi. Kisha kuna damu. Damu inayomfaa zaidi mgonjwa wa selimundu ni ile isiyokuwa na himoglobini ya mundu, yaani ya mtu asiye mbebaji. Nalipenda jambo hili kwa sababu linavunja hesabu za uchoyo: aliyekingwa hawezi kulilipa vema deni lake kwa damu yake mwenyewe, lazima ndugu yake amlipie. Deni la ukoo hulipwa na ukoo.

Katika miaka yangu ya kazi niliwahi kusikia, kutoka kwa mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, habari za shule moja ambayo siitaji. Mtoto wa darasa la nne alikuwa akikosa siku mbili, tatu, kila baada ya wiki chache. Akirudi alichapwa viboko kwa utoro, kisha alipewa adhabu ya kuchota maji asubuhi ya baridi. Maradhi ya mtoto huyo huchokozwa na vitu vinavyojulikana: baridi, kiu, na kuchoka. Alikuwa akiadhibiwa kwa visababishi vya ugonjwa wake. Mwanachuo aliniuliza kama ni ruhusa kwa mgeni kumsahihisha mwenyeji. Nilimjibu kwamba mtoto yule hakuwa mgeni wala mwenyeji. Alikuwa mdai, na mdai husikilizwa na yeyote aliyepo.

Msomaji asidhani kwamba nimetaka kuifanya chembe ya damu kuwa mhubiri. Chembe haina maadili. Aktini haipendi wala haichukii. Hushikwa na kinachoishika, ikawa kibwebwe, au kigingi, au daraja la mwizi. Wako wanaopenda kuchukua mfano wa mwili na kuhubiri kwamba jamii nayo ni mwili, na kwamba kiungo kimoja kikiumia kwa faida ya vingine ni sawa tu. Mimi nakataa. Chembe nyekundu iliyonasa katika mshipa haina mama anayekesha. Tofauti kati ya chembe na mtu ndiyo hiyo hiyo inayofanya maumbile yasidaiwe, na sisi tudaiwe.

Basi si lazima tungoje hospitali kubwa ndipo tuanze. Mwalimu mwenye darasa la watoto 100, na madarasa ya namna hiyo tunayajua, ana wabebaji kama 20 na huenda mgonjwa 1. Amtafute. Awaulize wazazi kwa faragha. Amruhusu kunywa maji wakati wowote bila kunyoosha mkono, amsamehe mchakamchaka wa alfajiri, awaeleze wenzake kwa nini macho yake ni ya manjano ili wasimcheke. Na siku asipofika, katika daftari la mahudhurio asimwandike mtoro. Amwandike mgonjwa, kisha jioni apite kwao.